Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyeichorea Saratani Ramani

Kila toleo ukurasa huu humkumbuka mtu mmoja aliyetangulia ambaye kazi yake bado inaishi. Safari hii tumemchagua daktari ambaye jina lake kila mwanafunzi wa udaktari nchini hulisikia kabla ya kumaliza mwaka wa tatu, lakini wachache wanajua kwamba ugonjwa ule aliutambua hapa hapa Uganda, akiwa na gari kuukuu, karatasi na swali. Tumemchagua pia kwa sababu swali lake linagusa nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Kasese mjini mpaka Bwera na mpakani Mpondwe, kama utakavyoona mwishoni.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya, na saa za mapumziko alichunguza ndege. Aliwafunga ndege wadogo alama miguuni, kisha akachora mahali kila mmoja alipokaa na mpaka ambao hakuuvuka. Mtoto Denis alikua akimwona baba yake akijifunza tabia za viumbe kwa kuchora ramani. Kumbuka jambo hili, maana litarudi.

Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule. Miwani yake ilivunjika na jicho moja likapotea. Alibaki na jicho moja maisha yake yote.

Mwaka 1929 aliingia Chuo Kikuu cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na wanafunzi Wakristo waliokuwa wakikutana kwa sala, na imani yake ikakua mpaka akaona kwamba ameitwa kuwatumikia wagonjwa. Akaacha uhandisi, akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya juu ya upasuaji huko Edinburgh. Akaomba kazi katika idara ya afya ya makoloni ya Uingereza ili aje Afrika, akakataliwa. Sababu ilikuwa lile jicho. Walioamua hawakuona vipi mtu wa jicho moja angeweza kuwa mpasuaji wa kutegemewa.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi halikuwa na nafasi ya kuchagua sana. Burkitt aliingia jeshini mwaka 1941 kama daktari, akamwoa Olive Rogers mwaka 1943, na akatumwa Afrika Mashariki, ambako alihudumu Kenya na Somalia. Akiwa huku alipata likizo akaitembelea Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akakubaliwa. Alipelekwa Lira, katika nchi ya Lango, kusimamia hospitali ndogo iliyohudumia watu wengi mno.

Huko Lira ndiko ramani ya kwanza ilikochorwa. Burkitt aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwenye haraka angepasua, akafunga kidonda, akamwita anayefuata. Yeye aliwauliza wagonjwa wanatoka wapi. Akagundua kwamba waliotoka mashariki ya wilaya walikuwa wengi, na waliotoka magharibi wachache sana. Ugonjwa ule ule, wilaya ile ile, lakini haukukaa kila mahali sawa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu katika mazingira, na kitu chenyewe ni minyoo inayosambazwa na mbu. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimfundisha kwamba kuuliza mgonjwa anatoka wapi kunaweza kufaa kama kumuuliza anaumwa wapi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, Hospitali ya Mulago, akawa mpasuaji na mwalimu. Hapo mwaka 1957 daktari mwenzake wa watoto, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mtoto wa kiume mwenye miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya ya juu na ya chini, meno yamelegea. Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe unaoshika pembe zote nne za taya kwa pamoja. Ukiwa usaha, hukaa upande mmoja. Ukiwa uvimbe wa kawaida, huanza mahali pamoja. Hakuwa na jibu, na mtoto hakupona.

Wiki chache baadaye alikwenda Hospitali ya Jinja. Akiwa wodini alitupa macho nje ya dirisha, akamwona mama amekaa kwenye majani na mtoto mwenye uso ule ule. Akatoka mbio kumpima. Pembe zote nne za taya zilikuwa na uvimbe, na tumboni mlikuwa na uvimbe mwingine. Mmoja angeweza kuwa ajabu tu, lakini wawili walikuwa dalili ya jambo. Alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani. Akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini au mayai ya uzazi. Madaktari walikuwa wameandika majina tofauti, kila kiungo na jina lake, kumbe ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika makala yake ya kwanza katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wasomaji hawakuijali sana. Baadaye wataalamu wa Mulago waliozichunguza seli kwa hadubini walithibitisha kwamba hii ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfositi. Leo dunia nzima huiita limfoma ya Burkitt.

Tusimame kidogo hapa, hasa kwa wale wasiosoma sayansi. Limfositi ni askari wa mwili. Zipo za namna mbili kubwa. Kundi la B hutengeneza kingamwili, yaani silaha zinazorushwa kwa adui katika damu. Kundi la T lina askari wanaokwenda wenyewe kuzisaka seli zilizoingiwa na virusi au zilizoharibika na kuziua. Ugonjwa wa Burkitt ni uasi wa kundi la B: askari mmoja anaacha kutii amri, anaanza kuzaana bila kukoma. Ukitazama uvimbe huo kwa hadubini unaona bahari ya seli nyeusi za saratani, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika kama nyota usiku. Madoa hayo ni makrofaji, askari wengine wa mwili, wanaomeza mabaki ya seli zilizokufa. Saratani na kinga ya mwili zimo katika chumba kimoja.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unaishi wapi. Alipata msaada wa pauni 25 tu za kuanzia, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto hao, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima akiuliza kama wamewahi kuuona. Majibu yalipofika alibandika pini kwenye ramani. Pini zikaunda mkanda ukikata katikati ya bara, na mkia ukishuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Lakini mpaka wa kusini ulikuwa wapi hasa, na kwa nini?

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, ndani ya gari la Ford la mwaka 1954 alilolinunua kwa pauni 250. Kwa wiki kumi waliendesha maili 10,000, karibu kilomita 16,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi. Waliingia hospitali zaidi ya 50. Kila mahali waliuliza swali moja na kuonyesha picha zile zile. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Leo kuna warsha za siku mbili zinazokula zaidi ya hizo.

Walichokipata kwanza kilionekana kama suala la urefu kutoka usawa wa bahari. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Ukienda kusini mpaka huo ulishuka chini zaidi. Ndipo walipotambua kwamba kilichokuwa kikiwekewa mpaka ni joto, na baadaye wakaona kwamba mvua nayo ina sehemu yake. Mtu wa Kasese haitaji ramani kulielewa hili. Panda kutoka Ziwa Katwe, kwenye joto na mbu, uelekee miteremko ya Rwenzori ambako usiku unatafuta blanketi mbili. Katika mwendo wa siku moja umevuka mipaka ambayo Burkitt aliivuka kwa kuendesha kutoka nchi hadi nchi.

Joto, mvua, mabonde: hapo ndipo mbu huishi. Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba mbu huleta kirusi kinachosababisha saratani. Dhana hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na ili kuipata nusu nyingine ilibidi tuhamie London.

Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akivitafuta virusi vinavyosababisha saratani. Wakakubaliana. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwezi Desemba 1963 ukungu ulifunika London, ndege ikageuzwa kwenda Manchester, na kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kana kwamba yameoza. Mwingine angeyamwaga. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona seli hai zikielea zenyewe. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Lakini fumbo halikuisha. Kirusi hicho hakiletwi na mbu. Hupita kwa mate, na zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wanacho, pengine wewe na mimi pia. Kwa nini basi watoto wa mabonde yenye joto ndio wapatwe na saratani? Jibu lilirudi kwa mbu kwa njia nyingine: malaria. Burkitt mwenyewe, baada ya kuona kwamba ramani yake na ramani ya malaria kali zinakaribiana, aliacha dhana yake ya mwanzo na mwaka 1969 akaiunga mkono hii mpya. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huwachochea askari wa kundi la B wazaane kupita kiasi, na wakati huo huo huwachosha askari wa kundi la T wanaokizuia kirusi. Ulinzi ukilegea, mwasi mmoja anapenya. Mtu mzima kukiri kwamba alichokisema kwanza hakikutosha, na kukiri hadharani, ni elimu ambayo haifundishwi darasani.

Upande wa tiba nao ulimletea mshangao. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Upasuaji wa taya nne hauwezekani. Burkitt alipata dawa za kuua seli za saratani zilizokuwa zikijaribiwa Marekani, akawapa watoto kwa kipimo kidogo kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kuwafuatilia kwa karibu. Baadhi ya nyuso zilizovimba zilirudi kawaida ndani ya siku chache. Wachache walipata dozi moja au mbili, wakaenda nyumbani, na ugonjwa haukurudi. Dozi ndogo namna hiyo haikuweza kuumaliza uvimbe mkubwa peke yake. Yeye na wenzake walishuku kwamba dawa ilipunguza jeshi la adui, kisha kinga ya mtoto ikamalizia. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, na hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambako wagonjwa wetu wa Kasese hupelekwa mpaka leo.

Sasa tufuate uzi mwingine, maana hapa ndipo habari hii inapofika kwa mama zetu. Mtafiti Mjerumani aitwaye Harald zur Hausen alijifunza kazi yake kwa ugonjwa wa Burkitt. Mwaka 1970 alionyesha kwamba chembe za urithi za kirusi cha Epstein-Barr zimo ndani ya seli za uvimbe. Kisha akajiuliza kama saratani ya mlango wa kizazi nayo ina kirusi chake. Wengi walidhani amepotea njia. Mwaka 1983 na 1984 yeye na wenzake walivipata virusi vya papiloma aina ya 16 na 18, ambavyo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Mwaka huo huo chanjo ya kirusi hicho ilianza kujaribiwa Uganda katika wilaya mbili, Nakasongola na Ibanda, ambayo ni jirani yetu hapa magharibi, na mwaka 2015 ikaenea nchi nzima kwa wasichana.

Na zile chembe nyeupe ambazo Burkitt alizishuku? Leo wataalamu huzihesabu. Wanachukua kipande cha uvimbe wa mlango wa kizazi, wanakipaka rangi maalumu, wanatazama askari wa kundi la T wamefika wapi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba askari wauaji wakiwa wengi na wamepenya katikati ya seli za saratani, matarajio ya mgonjwa huwa bora. Wakikwama pembezoni, au wakizidiwa na askari wengine ambao kazi yao ni kutuliza vita, matarajio hupungua. Ndiyo sababu pia mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye jeshi lake limepunguzwa, ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii.

Hata hivyo, kabla ya hesabu hiyo ya hadubini kuna hesabu nyingine yenye uzito mkubwa zaidi: mgonjwa amekuja ugonjwa ukiwa hatua gani. Askari wa mwili, hata wawe hodari vipi, hawashindi vita ambayo mwenye mwili ameificha miaka miwili.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza aliendelea na mtindo wake wa kutuma barua na kuuliza hospitali, safari hii kuhusu chakula. Aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyowajaza Wazungu hospitalini yalikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa, akawahimiza watu wa Ulaya wale makapi ya nafaka, mboga na maharage. Kitabu chake juu ya nyuzinyuzi katika chakula kilitoka mwaka 1979 na kilisomwa sana. Si kila alichokisema katika hilo kilikubaliwa kama alivyokisema, lakini mwenye sahani ya maharage na sombe mbele yake asiione kuwa chakula cha kimasikini. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Hakuwa Mwislamu, na hatukumleta hapa kumfanya alivyokuwa siyo. Alikuwa Mkristo aliyesali kila siku na kuona kazi yake kuwa ibada. Elimu yenye manufaa tunaipokea popote ilipo, na waliotutangulia katika tiba walifanya vivyo hivyo.

Namalizia na jambo la kwetu. Mama yangu mdogo aliishi Bwera. Alianza kutoka damu nje ya siku zake, na akafanya kama mwanamke wa Kiislamu anayejali sala yake: aliuliza kuhusu hukumu. Akajibiwa vizuri, kwamba hiyo ni istihadha, ajisafishe, atawadhe kwa kila sala, aendelee kuswali na kufunga. Jibu lilikuwa sahihi. Ila hakuna aliyemuuliza damu hiyo inatoka wapi. Ilipita Ramadhani moja, ikapita ya pili. Alipopanda basi la Kampala, safari ya siku nzima, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye kibofu. Tulimzika mwaka huo huo, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa hiyo nawaomba dada zetu mnaoendesha darasa la fiqhi, na ndugu mnaoulizwa maswali haya mkirudi likizo Kasese, Kisinga au Mpondwe: mkishatoa hukumu ya sala, ongezeni sentensi moja ya kumtuma mwulizaji hospitali. Kipimo cha mlango wa kizazi ni cha dakika chache. Muuguzi hupaka siki nyepesi na kutazama, na mabadiliko ya mapema huweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Ambaye ana mdogo wake wa kike shuleni, aulize kama amechanjwa. Na ukiona mtoto amevimba taya, usingoje ausemee jino.

Burkitt alikuwa na jicho moja, na alilitumia kutazama nje ya dirisha. Sisi tunayo mawili.